Protini za Kugandisha Damu na Afya ya Moyo: Funzo kutoka Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Mvuvi wa Matema akichomwa na mwiba wa samaki, damu humtoka kwa dakika chache kisha hukoma yenyewe. Yeye hufuta mkono na kuendelea kutengeneza wavu wake. Ukomo huo wa damu ni kazi ya protini nyingi zinazosafiri ndani ya mishipa saa zote, zikisubiri jeraha. Bila protini hizo mtu angeweza kufa kwa mkwaruzo. Hata hivyo, protini hizo hizo zikifanya kazi mahali pasipo na jeraha, ndani ya mshipa unaolisha moyo au ubongo, huweza kuleta shambulio la moyo au kiharusi. Hivyo damu ina wajibu wa namna mbili: ndani ya mishipa sharti itiririke, na ikitoka nje ya mishipa sharti igande.

Makala haya yanaeleza protini mbili zinazohusiana na wajibu huo, yaani fibrinojeni na lipoprotini(a), na jinsi viwango vyake vinavyohusiana na maradhi ya moyo na mishipa. Yanaeleza pia uchunguzi uliofanyika katika mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, ambao ulivuta macho ya wataalamu wa moyo duniani katika miaka ya 1990.

Jinsi damu inavyoganda

Mshipa unapokatika, chembe sahani za damu hukimbilia penye ufa na kushikamana. Chembe hizo peke yake hufanya kizibo dhaifu. Wakati huohuo protini za kugandisha huamshana moja baada ya nyingine, mpaka ipatikane thrombini. Thrombini huigeuza fibrinojeni, ambayo imeyeyuka katika damu, kuwa nyuzi za fibrini. Nyuzi hizo husukana kama wavu na kuzinasa chembe za damu, na hapo donge imara hupatikana.

Jeraha likianza kupona, donge halihitajiki tena. Mwili huwa na protini nyingine iitwayo plasminojeni, ambayo ikiamshwa hugeuka kuwa plazmini na kuzikata nyuzi za fibrini. Kwa hiyo afya ya damu hutegemea mizani: upande mmoja zipo protini zinazosuka wavu, na upande wa pili zipo zinazoufumua. Mizani ikielemea upande wa kufumua, mtu huvuja damu; ikielemea upande wa kusuka, madonge hutokea pasipostahili.

Fibrinojeni: shahidi au mkosaji?

Fibrinojeni hutengenezwa na ini. Kwa mtu mzima mwenye afya kiwango chake huwa baina ya gramu 2 na 4 katika lita moja ya utegili wa damu. Hupanda wakati wa maambukizi, majeraha na upasuaji, na hupanda pia katika ujauzito, jambo ambalo ni maandalizi ya mwili kwa damu itakayotoka siku ya kujifungua. Uvutaji wa sigara na unene uliokithiri nao huipandisha.

Wahudumu wengi wa hospitali za wilaya wameshaona matokeo ya fibrinojeni bila kuipima yenyewe. Kipimo cha kasi ya kuzama kwa chembe nyekundu, kijulikanacho maabara kwa herufi ESR, hupanda kwa kiasi kikubwa kwa sababu fibrinojeni ikizidi huzifanya chembe nyekundu zipangane kama sarafu na kuzama upesi.

Katika miaka ya 1980 uchunguzi wa Northwick Park nchini Uingereza na ule wa Framingham nchini Marekani ulionyesha kwamba watu wenye fibrinojeni nyingi walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko wenzao. Uchunguzi mwingi uliofuata ulithibitisha uhusiano huo. Wengi wakadhani kwamba ikipunguzwa fibrinojeni, moyo utasalimika.

Ushahidi wa baadaye haukuunga mkono wazo hilo moja kwa moja. Watu waliozaliwa na vinasaba vinavyopandisha fibrinojeni kidogo hawakuonekana kupatwa na ugonjwa wa moyo kwa kadiri iliyotarajiwa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kuta za mishipa zikiwa zinaumia kwa sigara, kisukari, shinikizo la damu au lehemu, mwili hujibu kwa kuzalisha fibrinojeni zaidi. Kwa maneno mengine, fibrinojeni iliyopanda ni kama moshi. Anayeuona moshi hutafuta moto ulipo. Hapotezi nguvu zake kuupepea moshi wenyewe.

Lipoprotini(a): mgeni aliyevaa joho la plasminojeni

Mwaka 1963 mtaalamu wa Norway, Kåre Berg, aligundua katika damu chembe ya mafuta ambayo haikujulikana hapo awali. Iliitwa lipoprotini(a). Chembe hiyo inafanana na ile inayobeba lehemu mbaya, ila imeongezewa protini moja iitwayo apolipoprotini(a). Mwaka 1987 muundo wa protini hiyo ulipofafanuliwa, ilibainika kwamba unafanana mno na ule wa plasminojeni, protini inayofumua madonge. Vinasaba vya protini hizo mbili ni ndugu.

Kufanana huko kuna madhara yanayoweza kueleweka kwa mfano. Mtu akivaa joho la fundi na kukaa kwenye kiti cha fundi, ilhali hajui kazi, kazi hulala. Katika majaribio ya maabara, lipoprotini(a) huweza kushika nafasi ya plasminojeni juu ya nyuzi za fibrini bila kuzikata. Pamoja na hayo hubeba lehemu na mafuta yaliyoharibika na kuyaingiza katika kuta za mishipa. Wataalamu bado wanajadiliana ni njia ipi kati ya hizo yenye uzito zaidi kwa binadamu, lakini hatari yenyewe imethibitika: tofauti na fibrinojeni, watu waliorithi lipoprotini(a) nyingi hupatwa zaidi na shambulio la moyo na kusinyaa kwa vali ya aota. Hapa protini ni sehemu ya moto wenyewe.

Kiwango cha lipoprotini(a) hutegemea urithi kwa sehemu kubwa sana, na hubadilika kidogo tu katika maisha ya mtu. Watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara kwa wastani huwa na viwango vya juu kuliko Wazungu. Miongozo mingi huhesabu miligramu 50 katika desilita moja, yaani miligramu 500 katika lita, kuwa kiwango kinachoongeza hatari. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watano duniani amefikia au kuvuka mpaka huo.

Uchunguzi wa Lugalawa

Ukitoka Matema na kufuata ufuko kuelekea kusini-mashariki, milima ya Livingstone huteremka mpaka majini, na vijiji vya wavuvi hukaa katika vipande vyembamba vya ardhi. Huko ni wilaya ya Ludewa, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa na sasa imo katika mkoa wa Njombe. Juu milimani ndiko iliko Lugalawa. Watu wa ufukoni na wa milimani ni Wabantu walioishi jirani kwa vizazi vingi, lakini sahani zao zilitofautiana: wa ufukoni walikula samaki kila siku, na wa milimani walikula zaidi nafaka, mboga na mazao mengine ya shamba.

Wachunguzi kutoka Italia, akiwemo Paolo Pauletto, waliona kwamba hali hiyo inatoa nafasi adimu ya kulinganisha. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1996 katika jarida la Lancet. Walipima watu 622 wa ufukoni, ambao walikula kati ya gramu 300 na 600 za samaki wa ziwani kwa siku, na watu 686 wa milimani waliokula vyakula vya mimea.

Tofauti ilikuwa kubwa. Wastani wa shinikizo la damu kwa wala samaki ulikuwa 123/72, na kwa watu wa milimani 133/76. Shinikizo la juu la damu lililo dhahiri lilionekana kwa chini ya watu 3 katika kila 100 wa ufukoni, lakini kwa watu wapatao 16 katika kila 100 wa milimani. Lehemu na mafuta mengine ya damu vilikuwa chini zaidi ufukoni. Lipoprotini(a) nayo ilikuwa kama miligramu 200 katika lita kwa wala samaki, na kama miligramu 320 kwa wenzao.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililowashangaza wataalamu. Ikiwa lipoprotini(a) ni ya kurithi, chakula kingewezaje kuibadili? Swali la kwanza likawa kama watu wa ufukoni walirithi aina tofauti ya protini hiyo, kwa kuwa apolipoprotini(a) huwa na ukubwa mbalimbali na ile fupi huambatana na viwango vya juu. Mwaka 1999 Santica Marcovina na wenzake walichapisha jibu: hata walipolinganishwa watu wenye protini ya ukubwa uleule, wala samaki bado walikuwa na lipoprotini(a) ndogo zaidi. Kwa hiyo ukubwa wa protini haukutosha kueleza tofauti iliyoonekana.

Mipaka ya ushahidi huo

Habari hizi zikisomwa kwa haraka huweza kumpoteza mgonjwa. Kwanza, uchunguzi wa Lugalawa ulipima watu kwa wakati mmoja. Haukuwagawa watu kwa kura na kuwapa samaki. Ufuko na mlima vinatofautiana katika mambo mengi zaidi ya chakula: joto, mwinuko wa ardhi, aina ya kazi na koo. Samaki ni maelezo yenye nguvu, lakini si lazima yawe maelezo pekee.

Pili, kiasi cha samaki kilikuwa kikubwa mno. Kula usipa kidogo mara moja kwa wiki si sawa na kula gramu 300 hadi 600 za samaki kila siku. Majaribio ya kuwapa watu vidonge vya mafuta ya samaki hayajaonyesha kupungua kwa lipoprotini(a) kwa kiwango kinachofanana na kile cha Ziwa Nyasa. Kwa hiyo mtu hana sababu ya kuuza kuku wake ili anunue vidonge hivyo mjini.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mtu kuwa mla samaki hakumpi kinga kamili. Mkazi wa Kyela anaweza kula mbasa kila wiki na bado akawa na shinikizo la damu la 170/100, kwa sababu ya umri, urithi, chumvi, unene au ugonjwa wa figo. Mtu huyo akiacha dawa zake kwa kuwa amesikia kwamba samaki hulinda moyo, anajiweka katika hatari ya kiharusi. Uchunguzi wa Lugalawa haukumwambia mtu yeyote aache dawa.

Yawahusuyo wahudumu wa afya

Kipimo cha lipoprotini(a) hakipatikani katika zahanati na vituo vya afya vingi, na fibrinojeni hupimwa katika maabara chache. Upungufu huo usimfanye mhudumu aone kwamba hana la kufanya. Hatari kubwa za moyo katika wilaya hupimika kwa mashine ya shinikizo la damu, kwa kipimo cha sukari, kwa mizani na kwa swali moja kuhusu sigara. Mtu mzima yeyote anayefika kituoni, hata akiwa amekuja kwa malaria, anastahili kupimwa shinikizo. Likirudia kuwa 140/90 au zaidi katika siku tofauti, aanzishiwe matibabu na kufuatiliwa.

Pale kipimo cha lipoprotini(a) kinapopatikana katika hospitali kubwa, mara moja katika maisha kwa kawaida hutosha. Wanaostahili kufikiriwa kwanza ni waliopata shambulio la moyo au kiharusi wakiwa vijana, na wale ambao wazazi au ndugu zao wa karibu walipata maradhi hayo mapema. Dawa mahususi za kuishusha zingali katika majaribio. Jibu likiwa la juu, tiba ya sasa ni kuzibana hatari nyingine zote kwa ukali zaidi: shinikizo, lehemu, kisukari na sigara.

Fibrinojeni iliyopungua nayo huua, na mara nyingi huua wodini kwa wazazi. Mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua, au kondo likiachia kabla ya wakati, fibrinojeni huweza kuisha katika damu. Mhudumu asiye na maabara anaweza kuchukua mililita 2 za damu ya veni katika chupa ndogo ya kioo iliyo safi na kavu, akaishika ndani ya kiganja ili ipate joto. Baada ya dakika 4 huiinamisha polepole, kisha huirudia kila dakika. Donge lisipotokea baada ya dakika 7, au likiwa laini na kuvunjika kwa urahisi, mama huyo ana upungufu wa protini za kugandisha, na anahitaji damu na rufaa bila kuchelewa.

Jambo jingine la eneo hili ni mguu uliovimba. Matende yamejulikana Kyela kwa miaka mingi, na kwa hiyo ni rahisi kila mguu mnene kuitwa matende. Uvimbe wa matende huja polepole, kwa miezi na miaka. Uvimbe uliokuja kwa siku chache, katika mguu mmoja, wenye maumivu na joto kwenye muundi, hasa kwa mama aliyejifungua ndani ya wiki 6, kwa mtu aliyelala kitandani muda mrefu, au kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, udhaniwe kuwa ni donge la damu ndani ya veni mpaka ithibitike vinginevyo. Donge hilo likikatika huenda kwenye mapafu. Pumzi ikimbana ghafla mtu wa namna hiyo, ni dharura.

Mwisho, aspirini isitolewe ovyo. Kiharusi kipo cha mshipa kuziba na kipo cha mshipa kupasuka, na kwa macho pekee haviwezi kutofautishwa kwa uhakika. Pasipo picha ya CT, aspirini inayotolewa kwa nia njema huweza kuzidisha damu inayovuja ndani ya ubongo. Mgonjwa apelekwe hospitali yenye kipimo hicho mapema iwezekanavyo.

Yawahusuyo wagonjwa na familia

Wakazi wa Kyela wana neema ambayo miji mingi haina: samaki wabichi, mpunga, ndizi, matunda na mboga. Neema hiyo ihifadhiwe mezani. Mara nyingi samaki bora huuzwa wote, na fedha yake hununua soda, sukari na vyakula vya kukaangwa. Familia ya mvuvi inayobakiza sehemu ya samaki kwa ajili ya chungu chake haipotezi faida. Inaiweka mahali pengine. Usipa, ingawa ni wadogo na bei yao ni nafuu, nao wana mafuta yale yale yenye manufaa.

Namna ya kupika nayo ina uzito. Samaki aliyechemshwa, au aliyechomwa bila kuungua, ni bora kuliko aliyezamishwa katika mafuta mengi. Mawese ni fahari ya Kyela na yana vitamini, lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha lehemu. Yatumike kwa kijiko, si kwa kumimina. Samaki waliokaushwa kwa chumvi waloweshwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ikiwemo chumvi iliyomo ndani ya vyakula.

Anayevuta sigara akiacha, fibrinojeni yake huanza kushuka, na hatari ya moyo hupungua mwaka hata mwaka. Anayetumia dawa za shinikizo azimeze kila siku, hata siku asiyoumwa kichwa, kwa sababu shinikizo halipigi hodi. Dawa zikimletea udhia, azungumze na mhudumu ili zibadilishwe, asiziache kimyakimya.

Dalili za kukimbizwa hospitali ni hizi: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafla, usemi kukwama, maumivu ya kifua yanayobana na kuenea begani au tayani, pumzi kukatika ghafla, na mguu mmoja kuvimba kwa siku chache. Kwa anayekaa mbali na barabara ya lami, dakika zinazopotea kwa kungoja dalili zipoe zenyewe ndizo ghali kuliko nauli.

Hitimisho

Viwango vya protini za kugandisha damu hueleza habari za afya ya mishipa, lakini si vyote vinavyoeleza jambo moja. Fibrinojeni iliyopanda aghalabu ni ishara ya madhara yanayoendelea. Lipoprotini(a) iliyopanda ni hatari ya kurithi inayomtaka mwenyewe awe mwangalifu zaidi. Wavuvi wa Ziwa Nyasa waliwapa wataalamu wa dunia sababu ya kuamini kwamba hata kilichoandikwa katika urithi huweza kuguswa na kilichomo sahanini. Watu wa mwambao huo wanastahili kunufaika na elimu iliyotoka kwao: samaki wabaki katika chungu, mashine ya shinikizo la damu itumike katika kila zahanati, na dawa zimezwe kila siku na kila aliyeandikiwa.